Nakshi Zipatikanazo Safarini

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wetu wameyapitia kwa haraka, na mafundi wetu wameyajibu kwa mikono yao pasipo kuyaandika, ni hili la mtu wa sindano ambaye, akiwa safarini, hukutana na umbo ukutani mwa msikiti, au mlangoni mwa nyumba ya tajiri, au pindoni mwa nguo ya mpita njia, akalitazama hata likamkaa moyoni, kisha akarejea kwao akalitia katika kitambaa kwa uzi wake na kwa jina lake. Je, mtu huyo ameumba kitu, au amekichukua? Ikiwa amekichukua, amekichukua kwa haki gani? Na lile pambo alilolitia, ambalo kazi yake ya kwanza ni kulivuta jicho, linamkurubisha mwenye kulitazama kwa Mola wake au linamshughulisha akamsahau? Mimi maswali haya matatu nayaona kuwa ni swali moja lenye milango mitatu, na nia yangu ni kuliendea kwa utulivu, maana darizi katika mwambao wetu haikuwa kamwe mchezo wa watu wasio na shughuli. Ni riziki, ni adabu, na kwa wengi ni sehemu ya vazi wanaloingia nalo msikitini.

Nianze na safari yenyewe. Kurani Tukufu, katika aya zaidi ya moja, imewaamrisha watu waende katika ardhi na watazame: watazame jinsi uumbaji ulivyoanza, na watazame mwisho wa kaumu zilizotangulia. Sehemu ya kwanza ya amri hiyo hutimizwa kwa miguu, kwa chombo na kwa nauli. Ya pili ni nzito zaidi, na msafiri aweza kuzunguka bahari yote kutoka Sofala mpaka Basra asitazame kitu hata kimoja. Imamu Ghazali, ambaye kwa riwaya za waandishi wa tarehe alikuwa mwana wa msokota sufi wa mji wa Tus, na ambaye mwaka 1095 aliuacha ualimu wake wa heshima huko Baghdad akatoka kwenda Sham na Baitul Mukadas na Makka, ametenga kitabu kizima katika Ihya yake kwa ajili ya adabu za safari, na humo amezigawa safari sampuli mbili, ya mwili na ya moyo, akaipa ya moyo utukufu ulio mkubwa zaidi. Nimependa kumkumbuka imamu huyu kwa sababu aliyelelewa na mapato ya sufi iliyosokotwa alijua bila shaka kwamba uzi haujivuti wenyewe, na kwamba mahali pa kazi si mkononi tu.

Faida ambayo mtu wa darizi huipata safarini, kwa maoni yangu, haitokani na uzuri wa nchi za watu kuzidi uzuri wa kwao. Inatokana na jicho la ugeni. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Unguja hupita kila siku mbele ya milango iliyochongwa minyororo pembezoni, na maua ya yungiyungi, na majani yaliyojikunja, wakaitazama kama mtu atazamavyo kiganja chake, yaani hawaitazami. Lakini mgeni aliyeshuka leo kutoka Hindi au Shiraz husimama katikati ya njia akawazuia wenye mizigo, kwa kuwa macho yake hayajafanya mazoea. Mazoea ni pazia zito kuliko yote, na safari ni mkono unaoliinua kwa muda mfupi. Ndiyo maana nasema kuwa fundi aliyesafiri sana asiporejea na jicho lile la ugeni, akaanza kulitumia kuutazama mlango wa babu yake mwenyewe, basi amerudi na mzigo wa maumbo na hakurudi na elimu.

Walakini maumbo nayo husafiri, na husafiri kwa njia zinazostaajabisha. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa nguo za heshima kwa desturi ya mji ule, na katika hizo mlikuwa na vazi la kitani cha Misri na kilemba cha Misri vilivyotiwa taraza pindoni, na joho la kitambaa cha Baitul Mukadas; maana yake ni kwamba karne sita na zaidi zilizopita, jicho la mtoto wa pwani hii lilikwisha kufunzwa na sindano za Misri na Sham kabla hata ya mtoto huyo kupanda chombo. Hali kadhalika lile umbo la tone lililopinda shingo, ambalo sisi tunaliona korosho katika kanga zetu, Wahindi wanaliona embe, na Waajemi wanaliona mberoshi ulioinamishwa na upepo. Lilifumwa katika shali za Kashmir, na katika karne ya 19 likafika mji wa Paisley huko Scotland, ambako viwanda viliiga shali hizo kwa wingi hata Wazungu wakaliita umbo lenyewe kwa jina la mji huo. Na mkorosho wenyewe si mti wa asili wa kwetu, kwani Wareno ndio waliouleta kutoka Brazili. Umbo lilikuja kwa bahari moja, mti ukaja kwa bahari nyingine, vikakutana mwambao katika jicho la watu ambao hawakuvitafuta wala hawakuvikataa.

Sasa niseme juu ya kofia ya viua, maana ndiyo kazi niijuayo zaidi na ndiyo iliyonitia katika fikira hizi. Hushonwa Lamu, na Unguja, na Ngazija, kwa vipande viwili vya kitambaa cheupe cha pamba, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Umbo huchorwa kwa penseli, kisha kila kiua hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukakaza, na vitundu hivyo, ambavyo huingiza hewa kichwani, ndivyo vinavyoonyesha nyota au jani au lozi kwa njia ya mahali ambapo kitambaa hakipo. Uzi ni mweupe au wa rangi ya maziwa, juu ya nguo nyeupe. Kofia njema huchukua miezi. Hakuna ndege ndani yake, wala simba, wala sura ya mtu. Mafundi wetu wameifuata, wengine kwa elimu na wengine kwa malezi, ile nasaha ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi Bukhari, alipomjibu mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho.

Huko Lamu nilipata kukaa karibu na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akishona kofia ya mjukuu wake, nikamwuliza, "Bibi, hili ua la ukandani umelitoa wapi?" Akanijibu pasipo kuinua macho, "Hili si langu, mwanangu. Mamangu alifundishwa na mke wa Mngazija mmoja aliyekuja hapa na jahazi, wakakaa msimu mzima. Mimi nimeongeza haya majani tu, kwa kuwa ua lilikuwa peke yake." Akaendelea na kazi yake. Nimekwisha kusoma maneno mengi ya wenye falsafa juu ya asili ya sanaa, na sijakuta mahali ambapo haki za waliotangulia na haki ya aliyepo zimegawanywa kwa insafu kuliko katika jibu hilo.

Kwa kuwa hoja ya kwanza ndiyo hiyo: Mwenyezi Mungu peke yake ndiye aumbaye pasipo kielelezo kilichotangulia. Yeye hakuliona ua mahali akaliiga. Mwanadamu, hata awe hodari namna gani, sindano yake hufuata kitu alichokiona yeye au alichokiona mwingine kwa ajili yake, na fahari ya kusema "nimelitunga mimi peke yangu" ni ghururi, tena ni ghururi iliyo karibu na jambo kubwa ambalo sipendi kulitaja kwa wepesi. Plato, yule hakimu wa Kiyunani, katika kitabu chake cha Jamhuri alimteremsha mwigaji hata daraja ya tatu kutoka kwenye kweli, akamwona kuwa mtengenezaji wa vivuli vya vivuli. Mimi siikubali hukumu hiyo kwa mtu wa darizi. Mchoraji anayetaka zabibu zake ziwadanganye ndege huenda anastahili lawama hiyo; ua la kofia halimdanganyi mtu, halidai kuwa ua. Ni ushahidi wa aliyeliona ua, naye shahidi hahesabiwi mwongo kwa sababu hakulizaa tukio analolishuhudia. Basi daraja ya fundi ni daraja ya shahidi, na shahidi hutakiwa mambo mawili yasiyo mepesi: awe alitazama kweli, na aseme alitazama wapi.

Hapo ndipo swali la haki linapojibiwa. Mtu aliyekaa msimu mzima kwa wenyeji, akala chakula chao, akajua kuwa mshono ule hushonwa kwa bibi harusi na ule kwa mjane, akatobolewa vidole katika kujifunza, kisha akarejea kwao na umbo, huyo hakumpunguzia mtu kitu. Amebeba amana, na akiongeza majani yake ameiongezea amana uhai. Wanawake wa vijiji vya Palestina walikuwa wakitambulikana kwa darizi ya vifua vya kanzu zao, hata mwenye kujua akaweza kusema huyu ni wa upande wa Ramallah na yule ni wa upande wa Baitlahamu. Mwenye kulichukua umbo la kifua kama hicho bila kujua kwamba ni kitambulisho cha watu, akalitia katika mto wa kukalia ili auze, amefanya kazi ya mkono huku jicho lake limelala. Si kila kitu kinachoonekana hadharani kimeachwa kichukuliwe. Mlango wa tajiri uko njiani, lakini mlango una mwenyewe.

Mfano wa amana iliyobebwa vizuri tunao karibu, nao ni Oman. Tangu Sayyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja katika karne ya 19, watu wa nchi mbili hizi walioana na kuchukuliana desturi; kisha, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970 ambapo Sultan Qaboos alishika utawala, watu wengi wa Unguja wenye asili ya huko walihamia Maskati na miji mingine, wakenda na lugha, na mapishi, na sindano. Leo kofia ya kudarizi ni vazi la kila mwanamume wa Oman, na wanawake wa huko huishona kwa nyuzi za rangi nyingi, samawati na zambarau na kahawia, ambazo fundi wa Lamu angezionea haya kidogo. Mimi nimezitazama katika soko la Matrah kwa furaha isiyo na wivu. Aliyeuliza asili yake aliambiwa, na waliojibu walikuwa wakijibu kwa Kiswahili.

Limebaki swali la tatu, ambalo kwangu ndilo zito. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali akiwa amevaa nguo ya sufi yenye alama za nakshi, jicho lake likaziangukia mara moja katika sala. Alipomaliza akaamuru nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, aliyekuwa amemtunuku, na aletewe nguo ya Abu Jahm isiyo na alama. Wako wanaoisoma riwaya hii kuwa ni hukumu juu ya darizi zote. Lakini tuitazame kwa makini, maana nguo ile haikuchanwa wala haikuchomwa moto, na Abu Jahm hakukatazwa kuwa nayo. Naye Mtume akaomba nguo nyingine kutoka kwa mtu yuleyule, jambo ambalo wafasiri wamelifahamu kuwa ni kumlinda asivunjike moyo kwa kurudishiwa tunu yake. Hali kadhalika pazia la Bibi Aisha lenye sura, ambalo Mtume hakuridhika nalo lilipotundikwa, lilikatwa likafanywa mito ya kuegemea. Mafakihi wana maneno marefu katika mlango huu, nami siwaingilii. Ninachokiona mimi ni kwamba hukumu imekwenda kwa mahali na kwa wakati zaidi kuliko kwa uzi. Nakshi iliyo mbele ya macho ya mwenye kusali ni mshindani wa sala yake. Nakshi iliyo nyuma ya mgongo wake, au chini ya kiwiko chake, si hivyo.

Na hapa kofia ya viua inatupa jambo la kutafakari ambalo sijaliona limetajwa. Mwenye kuivaa haioni. Amelipa fedha nyingi, au mkewe amekesha miezi, na katika Waislamu wote waliomo msikitini yeye peke yake ndiye asiyeweza kuitazama. Wanaoiona ni wale wa safu ya nyuma. Riya, ambayo ndiyo maradhi ya mapambo, hupata nafasi ndogo katika pambo lisiloonekana na mwenyewe, ingawa sisemi kuwa hukosa nafasi kabisa, maana moyo wa binadamu hujiona hata gizani. Ama yule wa safu ya nyuma, macho yake yameamriwa yaelekee mahali pa sijida, na weupe juu ya weupe haumwiti kwa sauti. Ataliona ua kabla ya takbiri, naye ataliona tena baada ya salamu. Mafundi wetu walioacha nyuzi nyekundu na za dhahabu kwa ajili ya majoho ya sherehe, wakaishona kofia ya sala kwa weupe, walifanya ijtihadi ya sindano, na mimi nawahesabu kuwa walielewa riwaya ya Abu Jahm vizuri zaidi kuliko wengi walioieleza juu ya mimbari.

Mtu akinikabili kwa kusema kwamba ibada haina haja ya darizi hata kidogo, nitamwomba aikumbuke kiswa ya Al-Kaaba. Msafiri wa hija, aliyeifanya safari iliyo kubwa kupita safari zote, mwisho wa njia yake hukutana na nguo: hariri nyeusi, na mshipi wenye maandishi ya aya yaliyodariziwa kwa nyuzi za fedha na dhahabu. Kwa karne nyingi nguo hiyo ilishonwa Misri, ikapelekwa Makka kila mwaka pamoja na msafara wa mahujaji; mwaka 1927 kikaanzishwa kiwanda chake Makka kwenyewe. Umma mzima umeikubali, na mafundi wake wamehesabiwa kuwa wenye bahati. Wakristo nao husoma katika kitabu cha Kutoka habari za Oholiabu wa kabila la Dani, fundi wa kutia taraza kwa nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu, ambaye Mungu alimtia moyoni hekima ya kazi hiyo kwa ajili ya ile hema takatifu. Tufahamu kwamba Oholiabu aliifanya kazi yake jangwani. Alikuwa msafiri katikati ya wasafiri, waliotoka Misri na hawajafika wanakokwenda, na alichokidarizi kilikuwa pazia la nyumba ya ibada inayokunjwa na kubebwa. Macho yake bila shaka yalikuwa yameona kazi za Misri. Lakini maandiko hayakuitaja Misri katika jambo hilo, yametaja moyo. Mimi naona ndivyo ilivyo kwa kila ilhamu: umbo huingia kwa jicho, na linakaa nje ya ukumbi mpaka liitwe na kitu kilichotiwa ndani na Mwingine.

Ndiyo maana nina huzuni, na sitaificha, ninapouona mwendo wa siku hizi. Kofia za mashine zimejaa madukani, na bei yake ni sehemu ndogo mno ya ile ya mkono. Mwenye uwezo mdogo akiinunua simlaumu, kwa kuwa sala yake haipungui. Huzuni yangu ni kwa wasafiri. Wanakuja Lamu, wanakwenda Bukhara, wanakwenda Lucknow ambako kuna darizi ya weupe juu ya weupe iliyo jamaa ya karibu ya kofia yetu, hupiga picha mia kabla ya adhuhuri, na jioni wakaondoka na maumbo yote na hawakuketi hata kwa mama mmoja. Jicho halikufanya kazi, chombo cha picha ndicho kilichofanya. Na umbo lililochukuliwa bila kutazamwa hurejea kwao likawa pambo tu, halina wa kulishuhudia.

Kwa hiyo ninawaomba vijana wa kike na wa kiume wanaojifunza kudarizi hivi sasa, hasa wale wenye nafasi ya kusafiri: mkifika mahali penye nakshi iliyowagusa, ketini. Salimieni kwanza. Ulizeni jina la aliyeishona na jina la aliyemfunza, na umbo lile hushonwa kwa nani na kwa nini, mkayaandike majina hayo pembeni mwa karatasi mtakayolichora. Na kabla ya kupanda chombo kwenda kwa watu, nendeni kwa bibi zenu wenyewe, ambao wengi wao macho yameanza kufifia na karatasi zao za michoro zimekunjwa kwenye makasha pamoja na nguo za zamani, muwaombe wazifungue wakawaeleze moja moja. Kazi hiyo haihitaji nauli, na haitangojea sana.